Ziara ya Kilwa Kisiwani: anzeni Husuni Kubwa, Gereza liwe la mwisho

Anayetaka kuona kwa macho yake jinsi mji mmoja wa pwani ulivyojitawala, ukapiga sarafu zake, ukatoza ushuru wake na mwishowe ukaporwa, hana ziara ya kuipita hii ya Kilwa Kisiwani hapa Tanzania. Magofu yamesimama, waongoza wageni wanayajua, na mwendo wa majini kutoka Kilwa Masoko ni kama kilomita 2 tu. Kinachoipunguzia thamani ni mpangilio. Boti hutua karibu na Gereza, ngome ya ufukweni, kwa hiyo ziara ya kawaida huanzia hapo, ikaenda Msikiti Mkuu, ikazunguka boma la Makutani, na ikulu ya Husuni Kubwa ikawa ya mwisho jua likiwa utosini. Wengine huambiwa ni mbali na hawafiki kabisa. Mgeni huyo ameanza na ngome ambayo sehemu kubwa inayosimama leo ni ya mwanzo wa karne ya 19, kisha akarudishwa nyuma karne 4 au 5, na ikulu ya sultani aliyeipa Kilwa jina lake kubwa akaikosa. Tawala zote zinamchanganyikia kichwani.

Dawa yake ni ndogo. Mwambie mwongozaji mapema, kabla boti haijang'oa nanga, kwamba mnataka kutembea moja kwa moja hadi Husuni Kubwa na kurudi nyuma mkitazama mji. Hakuna gharama ya ziada, na hakuna mwongozaji atakayekataa kama ameambiwa kabla ya kushuka. Ukimwambia mkiwa mmeshaingia Gereza, saa moja imeshapotea.

Kwanza kufika. Mabasi ya Kilwa hupakia Mbagala, Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300 za lami: Kibiti, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, Somanga, mpaka njia panda ya Nangurukuru. Hapo mnaiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kwa kilomita 30 na kitu hadi Masoko. Masika si wakati wake. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Hata mwaka usio na kimbunga, Aprili na Mei njia za kisiwani huwa tope na nyasi hufika kiunoni kwenye magofu, hata misingi ya kuta usiione. Kuanzia Juni mambo yananyooka.

Lala Masoko usiku wa kuamkia ziara. Kibali hukatwa bara, katika ofisi ya hifadhi ya magofu pale Masoko, na hapo ndipo unapopewa mwongozaji. Anayevuka bila kibali hurudishwa. Malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya malipo, kwa simu au benki, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu na udai stakabadhi. Boti ni mapatano ya pembeni: mashua ya tanga au boti ya injini. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri, na uonyeshwe maboya ya kujiokolea kabla ya kulipa chochote. Kosa linalojirudia ni kukubaliana bei ya kuvuka peke yake. Wakati wa kurudi nahodha anataja bei nyingine ya "kusubiri", na huko kisiwani huna pa kwenda kulinganisha.

Suala la maji linastahili swali lake peke yake. Jioni ya kuamkia safari muulize nahodha maji yanapwa saa ngapi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hukauka mbali sana, boti ikabaki nje na nyinyi mkatembea kwenye maji na tope hadi ufukweni. Kwa kijana ni jambo dogo. Kwa mzee au mwenye mtoto mgongoni ni kazi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na kutua ni rahisi. Halafu kuna upepo: wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, asubuhi bahari hutulia na mchana ikachafuka. Ondokeni Masoko saa 1 asubuhi, muwe mmerudi kabla ya saa 8 mchana. Kati ya hapo mna muda wa kutosha, maana kisiwa kizima kinatembelewa kwa saa 4 hadi 5 bila kukimbizana.

Husuni Kubwa iko kama kilomita moja na nusu mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari. Kwa mwendo wa kawaida ni nusu saa, njia inapita kati ya mashamba na minazi ya wanakijiji. Kwa tarehe peke yake ungeanza na ukumbi wa kaskazini wa Msikiti Mkuu, ambao ni mkongwe zaidi, lakini asubuhi miguu ina nguvu na jua lina huruma, na jengo hili ndilo linaloonyesha kwa uwazi zaidi sultani wa mji wa biashara alikuwa mtu wa namna gani. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa al-Hassan bin Sulaiman, anayejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib. Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe na kuchimbuliwa hapa yanamtaja kwa cheo cha al-Malik al-Mansur. Vyumba ni zaidi ya 100.

Ingieni kwa upande wa kusini. Mtakuta uwanja mpana uliozungukwa na vyumba vyembamba: hayo ni maghala. Mzigo ulikuwa unalala ndani ya nyumba ya mtawala, na jambo hili ndilo ufunguo wa Kilwa yote. Mwombe mwongozaji asimame hapa aeleze dhahabu. Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na Sofala ilikuwa chini ya mkono wa Kilwa. Jahazi kutoka Uarabuni au India liliweza kushuka na kaskazi hadi Kilwa, likafanya biashara na kurudi na kusi ya mwaka uleule. Likipita kusini zaidi, lilijiweka katika hatari ya kukosa upepo na kungoja msimu mwingine. Kwa hiyo dhahabu ilibidi iletwe Kilwa, na aliyekaa Kilwa akatoza ushuru inapoingia na inapotoka. Utajiri wote utakaouona kisiwani umetoka kwenye hesabu hiyo ya pepo mbili.

Kutoka maghalani mnapanda kuelekea kaskazini, sehemu ya makazi na ya baraza. Kuna ua ulioshuka chini, wenye ngazi za mawe pande zake, ambapo watu walikaa mbele ya sultani. Kuna birika la kuogea la pembe nane, kitu ambacho hukioni kwenye magofu mengine ya pwani, na kila tone lake lilitekwa kisimani na kumwagwa kwa mikono ya watumishi na watumwa. Mwongozaji mzuri hulisema hilo bila kuulizwa. Mwisho kabisa ni ukingo wa jabali na mabaki ya ngazi zilizoshuka baharini. Msisogee ukingoni, mawimbi yanalila jabali kutoka chini na jiwe linalobonyea huwezi kulijua kwa kulitazama.

Ikulu hii haikumalizika. Tazama kuta ambazo hazikupakwa lipu na vyumba vilivyoachwa katikati ya ujenzi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyu na kumsifu kwa ukarimu, akataja fungu la tano la ngawira lililowekwa kwa ajili ya masharifu, na kisa cha fakiri wa Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa akapewa, pamoja na watumwa na pembe za ndovu. Anasema pia kwamba aliyemrithi, nduguye Daud, hakuwa na mkono huo, na waombaji aliwajibu kuwa mtoaji amekufa wala hakuacha cha kutoa. Ukisimama kwenye vyumba visivyomalizika, jibu la Daud linasikika kama taarifa ya hazina. Ibn Battuta huyo huyo anaeleza mji wa nyumba za miti, jambo linalowashangaza wengi wakiwa wamezungukwa na mawe. Wakazi wengi wa Kilwa waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuacha gofu. Mawe tunayoyatazama ni ya wachache.

Husuni Ndogo, ng'ambo ya bonde dogo, ni boma la mstatili lenye ukuta mnene na minara. Kazi yake haijathibitishwa, na mwongozaji anayekutajia kazi moja kwa uhakika anakisia. Dakika 15 zinatosha.

Mkirudi mjini, nendeni Msikiti Mkuu. Hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko pote kwa anayejali ujenzi, na ndipo ziara za haraka zinapoharibu zaidi, kwa sababu watu hupiga picha matao ya ukumbi mkubwa na kuondoka. Anza na ukumbi mdogo wa kaskazini, wenye mihrabu. Ni wa karne ya 11 hadi 12, ulibebwa na nguzo 9, na ulikuwa umeezekwa wote, bila ua wa katikati. Paa lilikuwa la bapa: boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Boriti ya mkoko haivuki nafasi pana bila kupinda kwa uzito, ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hadi 3 hivi. Ukilijua hilo, utaweza kukisia paa la chumba chochote kisiwani kwa kupima upana wake kwa hatua.

Ukumbi wa kusini uliongezwa na huyo huyo al-Hassan bin Sulaiman. Mafundi wake walitaka kuachana na boriti na kuezeka kwa kuba na matao, juu ya nguzo za jiwe moja moja la matumbawe. Paa lile liliporomoka, na ukumbi ukajengwa upya karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane zilizopangwa kwa mawe na chokaa, ndizo mnazoziona leo. Kwenye kona ya kusini-mashariki kuna chumba chenye kuba kubwa, kinachohesabiwa kuwa mahali pa sultani pa kuswalia. Tofautisha mawe kwa macho: ya kuta ni magumu na hayana umbo, yamechimbwa nchi kavu, ya miimo ya milango na mihrabu ni matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa hai na kuchongwa kabla hayajakauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo. Hakuna saruji katika kazi ya asili, na mahali palipowahi kuzibwa kwa saruji panaonekana, kwa sababu saruji haipumui, chumvi inafungiwa ndani, na jiwe la pembeni linamomonyoka. Ukarabati mzuri uliofanyika hapa umerudi kwenye chokaa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ya kisiwa jirani, ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, na zikatolewa 2014 baada ya kazi hiyo.

Msikiti mdogo wa kuba, dakika chache kusini-magharibi, umesalimika kuliko yote. Inua macho: kwenye dari kuna mashimo ya duara yaliyokuwa na mabakuli ya kauri ya kung'aa, na machache bado yapo. Msikiti wa Jangwani umebaki vipande, pita tu.

Mahali hapa ndipo mwongozaji atakapoeleza asili ya mji, na hadithi itakuwa ya Ali bin al-Hassan, mwana wa mfalme wa Shirazi huko Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia. Tarihi ya Kilwa, kitabu cha kale cha historia ya mji, inaisimulia hivyo, na Mreno João de Barros aliichapa namna yake mwaka 1552. Isikilizwe kwa heshima yake. Ila ombeni na upande wa pili, maana waongozaji wengi wanaujua wakiulizwa. Ali bin al-Hassan alikuwa mtu wa kweli. Sarafu zake zipo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alimweka karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, zikiwemo za jina lake, pamoja na dinari za nje ambazo ya karibuni zaidi ni ya 1066, na tarehe yake ikarudi nyuma hadi karne ya 11. Na watu walikuwa wakiishi kisiwani kabla ya Shirazi yeyote kufika, tangu karne ya 9 hivi. Vigae vyao vya vyungu viko chini ya mji wa mawe. Ziara inayoishia kwenye nguo inawanyima waanzilishi hao haki yao.

Sarafu zenyewe, nyingi zake za shaba, ni ndogo, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, pande mbili zikiwa na vina. Hazina mwaka, na ndiyo maana wataalamu wamebishana muda mrefu kuhusu tarehe. Moja ya al-Hassan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kisiwani hutaziona zikionyeshwa. Pitia Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam kabla ya kusafiri, ambako vitu vilivyochimbwa Kilwa vimehifadhiwa. Ukiuziwa sarafu ufukweni, usinunue, na kigae usikitie mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na kila kigae kinachohamishwa kinaiondolea ardhi tarehe yake.

Makutani ifuate msikiti. Ni boma pana la kuta ndefu lenye ikulu ndani yake, ya karne ya 15 na kukarabatiwa karne ya 18. Ukitoka Husuni Kubwa utaona mara moja jinsi nafasi ya sultani ilivyopungua. Kufikia karne ya 15 nguvu zilikuwa mikononi mwa maamiri na mawaziri, wakiweka masultani na kuwaondoa. Ndiyo maana Vasco da Gama alipokuja mwaka 1502, aliyekutana naye alikuwa Amir Ibrahim, aliyeshika mji bila kuwa wa ukoo wa kisultani. Alitozwa mithqali 1,500 za dhahabu, zaidi ya kilo 6, na kutokana na dhahabu hiyo kulitengenezwa chombo cha ibada cha Belém, Ureno, kilichokamilika 1506 na kilichopo hadi leo kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Mwongozaji akikutajia hilo, mpe heshima yake, maana ni wachache wanaolifikia. Kule Uingereza, mshairi John Milton aliiweka Kilwa pamoja na Mombasa, Malindi na Sofala katika utenzi wake wa 1667, akiwa na habari kwamba Sofala ndiyo Ofiri, nchi ya dhahabu ya Nabii Suleiman. Wakati huo mji wenyewe ulikuwa umeshaanguka.

Sasa Gereza, na sasa linaeleweka. Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji, wanajeshi wake wakapora, na akamtawaza Muhammad Ankoni, tajiri wa mjini, ambaye hakukaa muda mrefu kabla ya kuuawa. Ngome ya kwanza ilijengwa hapo na Wareno, wakaiacha 1512 kwa sababu dhahabu ilikuwa imekatiwa njia na hapakuwa na cha kulinda. Tazama upande wa baharini jinsi mawimbi yalivyokula kona zake; mikoko ikikatwa, ukuta wa ufukweni haukai. Hapo hapo mwongozaji aeleze 1776, mwaka ambao sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Ziara nyingi huruka kipande hiki na kwenda kwa Waomani, watawala waliofuata. Kirudisheni. Mji uliokuwa mlango wa dhahabu ulikuwa umekuwa mlango wa watu, na kuficha hilo ni kuwafanyia dhuluma mara ya pili. Sultani wa mwisho alipelekwa Muscat miaka ya 1840.

Mengine ni madogo lakini yanauma yakisahaulika. Kisiwani hakuna mkahawa. Beba maji lita 2 kwa kila mtu na chakula kidogo, au agizeni chakula kijijini kupitia mwongozaji kabla ya kuvuka, si mkiwa mmeshashikwa na njaa. Vaeni viatu vilivyofungwa kwa ajili ya mawe, na kandambili za kushukia majini. Ni kijiji cha Waislamu, watu wanaishi humo: mabega na magoti yafunikwe, wazee wapewe shikamoo yao kabla ya kutoa simu kupiga picha. Watoto wasipande kuta. Chokaa ya miaka 600 haibebi mtu.

Alama kwa huduma hii: waongozaji nawapa 4 kati ya 5, mpangilio wa kawaida 2, na magofu yenyewe 5 bila kusita. Mwenye siku ya pili aende Songo Mnara, kusini zaidi, penye nyumba za mawe za karne ya 15 na 16 zilizosalimika kuliko za Kilwa, vyumba na madaka ukutani bado vikisomeka. Hiyo ni safari ya kutwa nzima, boti iwe ya injini, kibali kikatwe pamoja na cha Kilwa, na siku ipangwe maji yakiwa yamejaa asubuhi, kwa sababu njia ya kushukia inapita ndani ya mikoko na yakipwa mtatembea kwenye tope la magoti.